Mita Mia za Mama Mashuka

Mgeni alirudi kutoka kisiwani saa nne asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na hicho cha mkononi kilikuwa kimepakaa kiini cha yai.

Mama Mashuka alikuwa uani akianika foronya. Alipomwona mgeni wake anachechemea mchangani alidhani amechomwa na mwiba wa baharini. Akaacha foronya ndani ya beseni, akamkimbilia.

"Umeumia wapi?"

"Sikuumia mimi," alisema mgeni, akakaa kwenye kizingiti cha mlango.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu aliyefundisha biolojia maisha yake yote, na alikuwa amekuja kukaa siku tano kijijini kwa ajili ya ndege wale tu. Membe. Weupe, wembamba, wenye kofia nyeusi kichwani, ambao kila mwaka walikuja kutaga kwenye kisiwa kidogo cha mchanga, mwendo wa nusu saa kwa makasia kutoka ufukweni. Hawajengi kiota. Wanataga yai moja moja juu ya mchanga mtupu, na yai lenyewe lina rangi ya mchanga.

"Nahodha alituambia tushuke tupige picha," alisema mwalimu. "Nikamuuliza, tunaruhusiwa? Akasema, shukeni tu, ndege hawa wamezoea watu. Nikapiga hatua mbili, nikasikia kitu kimepasuka chini ya soli. Na mwenzangu mmoja alikanyaga kifaranga. Alikuwa anatazama simu yake. Hata hakujua, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia."

Mama Mashuka alichukua kile kiatu, akachota maji baridi, akaanza kukiosha. Yai haliondolewi kwa maji ya moto. Linaganda na kushika. Hilo alilijua kama jina lake, kwa maana alifua mashuka ya hoteli kubwa ya watalii ng'ambo ya maji kwa miaka kumi na minane, na hapakuwa na doa duniani ambalo hakuwahi kukutana nalo uso kwa uso. Ndiko lilikotoka jina lake. Alikuwa na jina jingine, la kuzaliwa, lakini hata kadi ya zahanati waliandika Mama Mashuka.

Mwalimu aliondoka kesho yake, siku mbili kabla ya wakati wake. Aliaga kwa adabu. Alisifu chumba, alisifu matembezi ya kwenye mikoko, alisifu samaki. Kisha, begi likiwa tayari begani, akasema, "Mama, nina wenzangu wengi wanaopenda safari kama hizi. Ningependa kuwaambia waje. Lakini siwezi kuwaambia waje kukanyaga mayai."

Maneno hayo yalimkaa Mama Mashuka kooni kama mfupa.

Miaka michache kabla ya hapo, hoteli ilipofunga sehemu yake ya kufulia na kuwaachisha kazi wafuaji wote kwa mkupuo, wenzake walikwenda kutafuta hoteli nyingine. Yeye alirudi kijijini, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, akapaka chokaa vyumba viwili, akapigilia vyandarua, akachimba choo cha maana, na kutangaza kwamba anapokea wageni. Watu walimcheka. Nani atoke mjini aje kulala kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi, asikilize majogoo? Yeye alisikia, akatia pamba masikioni. Miaka kumi na minane ya kusikiliza wageni wakizungumza kwenye korido ilikuwa imemfundisha jambo moja: wengi wao walilipia bwawa la kuogelea halafu wakakaa wanatazama nje ya ukuta, wakiulizana yale yaliyoko kule ni nini. Yeye alikuwa nje ya ukuta. Alikuwa na mikoko, alikuwa na mashamba ya mwani ya wifi yake, na alikuwa na kisiwa cha membe. Mwaka wa pili vyumba vilikuwa havikai vitupu.

Kasoro ilikuwa moja. Kwenda kisiwani kulihitaji mtu mwenye leseni ya kuongoza wageni majini, na upande ule mwenye leseni alikuwa mmoja tu: kaka yake, ambaye watu wote walimwita Nahodha.

Alimkuta ufukweni, boti yake imepandishwa juu ya magogo, anakwangua uchafu wa baharini ulioganda tumboni mwake.

"Kaka, juzi ulishusha watu juu ya mayai."

"Salamu kwanza, mdogo wangu. Au hotelini waliwafundisha kuanza na lawama?"

"Habari za asubuhi. Ulishusha watu juu ya mayai."

Nahodha alicheka puani, akaendelea kukwangua. "Wageni wanataka picha. Mtu katoka huko alikotoka, halafu nimwambie atazame kwa mbali kama jirani anayechungulia sherehe asiyoalikwa? Wale ndege wapo miaka nenda miaka rudi. Baba alikuwa anaokota mayai yao ndoo nzima. Waliisha?"

"Baba alikwenda mara moja kwa mwaka. Wewe unakwenda kila siku na watu kumi. Na hata usipokanyaga, ukiwarusha wale mama zao, mayai yanabaki kwenye jua yanaiva. Kunguru wanasubiri hapo hapo. Mwalimu amenieleza vyote."

"Mwalimu." Alilitamka kama mtu anayetema kokwa. "Mwalimu amekaa siku tatu. Mimi bahari hii nimeanza kuijua sijaota hata jino la pili."

"Basi sitakupa tena wageni wa kisiwani."

"Na utawapeleka na nani? Utawapandisha kwenye beseni lako la kufulia?"

"Nitachukua leseni yangu."

Hapo Nahodha aliacha kukwangua. Alimtazama dada yake, akaona hatanii, akaangua kicheko mpaka akaegemea boti. "Wewe? Wewe ambaye maji yakifika magotini unaanza kusali? Ile leseni wanakuogelesha mita mia, mama! Mita mia, huku hukanyagi chini!"

Alikuwa anasema kweli, na ndicho kilichouma. Mama Mashuka alikuwa na miaka arobaini na saba, alizaliwa hatua hamsini kutoka baharini, na hakujua kuogelea. Alipokuwa na miaka saba aliteleza kwenye ngazi za gati maji yakiwa yamejaa. Alikumbuka ukijani, na kimya kikubwa masikioni, na baadaye maumivu ya nywele, kwa sababu aliyemtoa alimvuta kwa nywele. Aliyemtoa alikuwa huyu huyu kaka yake, wakati ule ana miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo bahari aliitazama tu. Hata kwenye mikoko aliwapitisha wageni maji yakiwa yamekupwa, na yeye mwenyewe alitangulia akishika mti mmoja baada ya mwingine.

"Cheka," alimwambia kaka yake. "Ukimaliza utaniambia ofisi yao inafungua saa ngapi."

Ofisi ya mambo ya bahari ilikuwa katika mji wa wilaya, chumba kimoja chenye kabati la chuma na feni isiyozunguka. Karani, bwana mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsomea masharti: kuogelea mita mia bila kugusa chini wala kushika kitu, kuelea dakika kumi, kumvuta mtu anayezama mita ishirini na tano, huduma ya kwanza, ishara za hatari. Akamtazama juu ya miwani.

"Unamwandikishia kijana wako, mama?"

"Najiandikisha mimi."

Karani akaandika. Mtihani ulikuwa miezi mitatu mbele.

Kwa mwalimu wa kuogelea hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Mke wa Nahodha, wifi yake, alikuwa mkulima wa mwani, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Maji yakijaa kabla hajamaliza kazi, alirudi nyumbani kwa kuogelea, kamba za mwani zimefungwa kiunoni, huku anaimba.

"Wifi, nifundishe kuogelea."

Wifi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

"Na kaburi tuanze kuchimba leo au tusubiri?" Lakini aliposikia habari ya mayai na leseni, utani ukapungua usoni. Alikaa chini. "Nimemwambia mimi pia, huyo mume wangu. Nimesema mpaka ulimi umeota malengelenge. Anasema, nani nahodha humu ndani?"

"Kwa nini usichukue leseni wewe? Wewe ni samaki tayari."

"Nikichukua mimi, hiyo vita italala kitandani kwangu. Ukichukua wewe ni ugomvi wa kaka na dada. Huo mmeuanza utotoni, hautaua mtu." Akasimama, akajipangusa mchanga. "Kesho asubuhi, maji yakijaa. Uje na nguo ya kulowa, na uache woga nyumbani."

Woga haukukubali kuachwa nyumbani. Asubuhi ya kwanza Mama Mashuka aliingia horini mpaka kiunoni, akasimama kama nguzo. Wifi alimwambia atie uso majini. Hakuweza. Alijaribu mara tisa. Uso ulifika karibu na maji ukarudi wenyewe, kama mlango wenye springi.

"Haya," alisema wifi. "Nenda nyumbani. Wewe na beseni mnaelewana. Anzia huko."

Siku nne alitia uso ndani ya beseni la kufulia, uani, akihesabu. Tatu. Saba. Kumi na mbili. Siku ya tatu mgeni mmoja alitoka chumbani akamkuta amepiga magoti, kichwa chote ndani ya maji, akapiga kelele za kuomba msaada. Kijiji kilicheka wiki nzima. Wanawake waliokwenda kisimani walimwuliza kama maji ya beseni yana samaki. Yeye aliwajibu kwamba wapo, ila wanakimbia wambea.

Alirudi horini. Uso ulikubali. Kuelea kukawa shida mpya.

"Legeza shingo," wifi alimwambia, kiganja kimoja chini ya mgongo wake. "Unajikaza kama umebeba ndoo kichwani. Hujabeba kitu. Hapa wewe ndiye unayebebwa."

"Ukiniachia nitakufa."

"Nimeshakuachia. Unazungumza na nani?"

Mama Mashuka alifungua macho, akaona mikono yote miwili ya wifi iko juu hewani, na papo hapo akazama. Alitoka anakohoa, pua inawaka, lakini alikuwa anacheka, na wifi alisema baadaye kwamba pale ndipo alipojua huyu mtu ataogelea.

Walifunga kamba kati ya miti miwili ya mikoko, mita ishirini na tano. Mwezi wa kwanza alifika nusu. Mwezi wa pili alifika mwisho, akarudi. Kila asubuhi maji yalipojaa saa za kufaa alikuwa horini, na yasipofaa alikuwa nyumbani amelala kifudifudi juu ya benchi, anapiga miguu huku anasoma kwa sauti ishara za hatari zilizobandikwa ukutani. Katika muda huo wote hakumpeleka mgeni yeyote kisiwani. Aliwaambia wazi wakipiga simu: mikoko ipo, mwani upo, kisiwa bado. Wengine walikata simu. Wiki tatu chumba cha pili kilikaa kitupu, shuka limetandikwa, mto umepigwa vizuri, hakuna wa kuulalia. Kila akipita mlangoni pake alitazama pembeni.

Siku ya mtihani upepo ulivuma tangu alfajiri. Walioogeleshwa walikuwa wanne, wanaume watatu na yeye, kwenye njia iliyotengwa kwa kamba yenye maboya kando ya gati la wilaya. Mkaguzi alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, nywele zimekatwa fupi, filimbi shingoni, asiyecheka.

"Ukigusa kamba, umemaliza," aliwaambia. "Hakuna majadiliano."

Mama Mashuka alianza vizuri. Ishirini na tano zilipita. Hamsini zikapita, na akaanza hata kufikiri atakavyosimulia. Lakini hori ni maji tulivu, na pale palikuwa na mawimbi mafupi yanayokuja bila mpangilio. Akafungua mdomo kuvuta pumzi, wimbi likaingia badala ya hewa. Ukijani ule wa utotoni ukamjia machoni. Hakuamua kushika kamba. Mkono wenyewe uliamua.

Filimbi ikalia.

"Sabini na mbili," alisema mkaguzi alipomsaidia kupanda. "Mmoja wa wanaume ameishia arobaini, kama hilo linakufariji. Lakini sheria ni mia."

Nahodha alikuwa hapo gatini. Alikuwa amekuja kuchukua abiria. Alimsogelea dada yake aliyekuwa anatetemeka ndani ya taulo. Hakucheka safari hii, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umejaribu," alimwambia taratibu. "Kila mtu ameona. Sasa imetosha, dada. Si kazi yako hii."

Mama Mashuka alimgeukia mkaguzi. "Mtihani mwingine lini?"

"Miezi miwili."

"Niandike."

Wifi alikuwa amemsindikiza. Kwenye basi la kurudi akasema, "Ulimwona kaka yako uliposhika kamba?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa nakunywa bahari."

"Alikuwa ameshavua shati. Kiatu kimoja kiko huku, kingine kule. Kama mkono wako ungechelewa kidogo angekuwa majini na suruali yake."

Mama Mashuka aligeuza uso dirishani, na wifi akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Kuanzia wiki hiyo waliacha hori. "Maji ya hori yamekudekeza," alisema wifi, na akampeleka upande wa bahari wazi, siku za upepo hasa. Mama Mashuka alimeza maji mpaka chai ya asubuhi ikawa haina ladha. Alijifunza kuvuta pumzi upande usio na wimbi, na wimbi lilipompata hata hivyo, alijifunza kulitema na kuendelea. Bega la kulia likauma. Akalikanda kwa mafuta usiku, asubuhi akarudi. Kuna siku alikaa mchangani akalia kwa sababu alikuwa amechoka tu, si kwa lingine. Wifi alikaa kando yake, akamwachia amalize, halafu akasema, "Haya, machozi yameongeza maji. Tuingie."

Mtihani wa pili bahari ilikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Alipofika sabini aliogopa sana, na aliendelea akiwa anaogopa. Themanini. Wimbi lilimpiga usoni, akatema. Tisini. Alipogusa ngazi ya mwisho hakusikia filimbi. Alisikia wifi yake juu ya gati anapiga vigelegele mpaka shakwe wakaruka.

Aliyejitolea kuwa mtu anayezama alikuwa yule karani mnene, ambaye ilionekana anaipenda sana sehemu hiyo ya kazi yake. Alipiga mayowe, akasema nakufa, akaaga watoto wake kwa majina. Mama Mashuka alimshika kidevu kama alivyofundishwa, akamwambia, "Nyamaza baba, unaniongezea uzito," akamvuta zile mita ishirini na tano. Karani alipofika ngazini alikuwa amenyamaza kweli.

Mkaguzi aliweka sahihi. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Mwanamke wa kwanza upande wenu," alisema. "Usinifanye nijute."

Membe walikuwa wamerudi kutaga wakati leseni ilipotundikwa ukutani kwa Mama Mashuka. Wageni wake wa kwanza wa kisiwani walikuwa mtu na mkewe, watu wazima, wenye madaftari na darubini mbili. Waliondoka asubuhi kwa mashua ndogo ya wifi, wifi akivuta makasia, Mama Mashuka amekaa mbele. Walitia nanga kwenye mchanga, mbali na matumbawe, hatua kama sitini kutoka kisiwani.

"Hapa ndipo mwisho," aliwaambia. "Wakianza kuruka, tumekosea sisi. Tulieni, mtaona."

Wakatulia. Baada ya muda ndege waliwasahau. Kwa darubini waliona membe mmoja anainuka, anageuza yai lake kwa mdomo, anakaa tena. Waliona kitu walichodhani ni jiwe kinapiga miayo, kumbe kifaranga. Yule mke akamshika mumewe mkono bila kutoa jicho kwenye darubini.

Ndipo injini iliposikika.

Boti ya Nahodha ilikuja moja kwa moja kuelekea mchangani, watu wanane ndani, simu juu. Ndege wa ukingoni walianza kuinuka.

"Ng'oa nanga," alisema Mama Mashuka.

"Unataka kufanya nini?" aliuliza wifi, lakini mikono yake ilikuwa tayari kwenye kamba.

"Tukae katikati. Pale mlangoni." Kulikuwa na njia moja tu ya maji ya kina kati ya matumbawe, nyembamba, ambapo boti ya injini ingeweza kupita. Mama Mashuka aligeukia wageni wake. "Mtaniwia radhi. Hii haikuwa kwenye ratiba."

"Endelea tu, mama," alisema yule mume, akafunga daftari lake.

Wifi akavuta makasia kwa nguvu zote za shambani. Mashua ikakaa kwenye njia, ubavu wazi. Nahodha alipunguza injini, akapunguza tena, mpaka boti ikasimama hatua moja mbele yao ikiyumba.

"Toka njiani!" alipaza sauti.

"Sitoki."

"Nina wageni hapa!"

"Na mimi ninao. Wageni wangu wanatazama ndege unaowafukuza."

"Una wazimu wewe? Nikikugonga?"

"Nitaogelea," alisema Mama Mashuka. "Mita mia nina cheti chake."

Mtu mmoja ndani ya boti ya Nahodha alicheka. Nahodha alimtazama mkewe. Wifi alimpungia mkono kwa upole wa kutisha.

"Nakuona, baba watoto," alisema. "Tutaonana mezani."

Mama Mashuka aliinuka taratibu, akisawazisha miguu kama wifi alivyomfundisha, akazungumza na wale wanane badala ya kaka yake. Hakupaza sauti. Aliwaambia kuhusu yai la rangi ya mchanga, na kifaranga asiyekimbia bali anayejilaza, na jua la saa nne. Aliwaambia kwamba mwaka mmoja uliopita kuna mama mtu mzima alirudi kwake na kiini cha yai kwenye kiatu, akaondoka kabla ya siku zake kwisha. "Nyinyi hamkuja kufanya hivyo," alisema. "Najua. Hakuna aliyewaambia. Sasa nimewaambia." Kisha akanyoosha mkono wenye darubini moja ya wageni wake juu ya maji. "Chukueni hii. Tazameni upande wa kushoto, karibu na gogo. Jiwe lile linapiga miayo."

Mwanamke mmoja kijana akainama, akachukua darubini. Alitazama muda mrefu. "Jamani," akasema kwa sauti ya chini, akampa mwenzake. Ikazunguka. Mtu wa mwisho kuipokea alimgeukia Nahodha. "Tusishuke, bwana. Hapa panatosha."

Nahodha alizima injini. Uso wake ulikuwa umejikunja kama karatasi. Walikaa hivyo, vyombo viwili kando kwa kando, kaka na dada hawatazamani, mpaka ndege wote waliporudi kukaa.

Hakumsemesha dada yake kwa wiki tano. Akipita nyumbani kwake alipita upande wa pili. Mama Mashuka aliumia, tena sana, lakini hakwenda kuomba msamaha, kwa kuwa hakuwa na la kuombea. Hakupeleka mashtaka ofisini pia, ingawa angeweza. Alikwenda kwenye kikao cha kijiji na wifi yake, wakaomba kisiwa kizungushiwe kamba ya maboya miezi ya kutaga, na kila chombo kibaki nje yake. Kikao kilibishana mchana kutwa. Wengine walisema wanawake wanawafungia bahari. Mwishowe kikakubali kwa mwaka mmoja, kuona.

Wanawake wa mwani walifunga maboya wenyewe. Yalikaa siku tatu, mkondo ukayakusanya yote pembeni yakajifunga fundo.

Jioni hiyo Nahodha alisimama mlangoni kwa Mama Mashuka, hakuingia.

"Hizo kamba zenu mmefunga kichekesho," alisema akitazama paa. "Mkondo pale unageuka mara mbili kwa siku. Boya linataka kamba ndefu na jiwe la maana chini."

"Ni kweli?"

"Hata mtoto anajua."

"Mawe unayajua yako wapi?"

Kaka yake alijikuna shingo. "Kesho maji yakikupwa. Uje na glovu, usije ukanilalamikia mikono."

Walifanya kazi siku mbili kwenye boti yake. Hawakuzungumza mambo makubwa. Alimfundisha fundo linalokaza kadiri linavyovutwa, akamkemea alipolikosea, naye akakemewa aliposogeza boti karibu mno na matumbawe. Wakati wa kushusha jiwe la mwisho Nahodha alisema, kama mtu anayesema na bahari, "Ile siku ya mtihani wa kwanza, pale gatini, niliogopa."

"Najua," alisema dada yake. "Shika hiyo kamba, inaponyoka."

Mwaka ule membe waliihama nusu ya kisiwa iliyokuwa imekanyagwa sana. Hawakuirudia hata kidogo. Upande wa pili walijaa. Mama Mashuka na wifi yake walikwenda kuhesabu vifaranga kabla hawajaanza kuruka, wakafika mia na arobaini na tatu, halafu wakagombana: wifi alishikilia kwamba wa mia na arobaini na nne ni kifaranga, Mama Mashuka akasema ni jiwe. Walimsubiri apige miayo mpaka mashua ikaanza kukwama mchangani, wakalazimika kuondoka bila jibu.